Milioni Arobaini za Fundi Makochi

Barua ilifika Jumanne asubuhi, na Fundi Makochi akaifungua kwa mkasi wake wa kukatia vitambaa, kwa madaha ya mtu anayetarajia kupongezwa. Alikuwa na sababu. Tangu treni ya mjini ianze kupita nyuma ya mtaa wao, miezi saba sasa, kila karatasi ya serikali iliyofika ilikuwa ya heri: ratiba mpya, taa za barabarani, mwaliko wa kwenda kushuhudia choo cha stesheni kikizinduliwa. Mara ya kwanza aliisoma akiwa amesimama. Mara ya pili alikaa kwenye kochi la mteja, lile la daktari, ambalo lilikuwa bado halijatiwa sponji. Springi ikamchoma wala asishtuke.

"Mama watoto," aliita. "Hebu njoo mara moja."

Mkewe alikuwa chumba cha ndani kwenye cherehani, anashona foronya za mito ya kochi hilohilo. Ndivyo walivyogawana kazi. Mbao, springi na misumari vilikuwa vya mume. Kitambaa, zipu na vifungo vilikuwa vya mke. Na malalamiko ya wateja yalikuwa ya Bibi, mama mzazi wa Fundi, aliyeketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki na kumwambia kila mtu kwamba kochi lake litakuwa tayari Ijumaa. Ijumaa ipi, hakuwahi kusema.

"Soma wewe," Fundi alisema. "Labda ni macho yangu."

Macho yake hayakuwa na tatizo. Barua ilieleza kwa lugha ya heshima kwamba treni imejengwa kwa mkopo, na kwamba sehemu ya mkopo huo italipwa na viwanja vilivyo karibu na stesheni, kwa kuwa thamani yake imepanda kwa sababu ya treni. Kila mwenye kiwanja atatoa moja ya tano ya kilichoongezeka. Kiwanja chao, namba kumi na saba, zamani kilikuwa cha milioni nane. Sasa ni cha milioni arobaini. Kwa hiyo tozo yao ni milioni sita na laki nne, kwa awamu nne, kila mwaka moja, ya kwanza mwisho wa mwezi ujao. Asiyeridhika afike kwenye kikao cha pingamizi.

"Kwani kiwanja kimeongezeka?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni. "Kutoka ukuta huu mpaka ule ni hatua kumi na nane. Jana nilikuwa naenda chooni, nikahesabu. Bado ni kumi na nane."

"Si ukubwa, mama. Ni thamani."

"Na hiyo thamani inakaa upande gani? Maana mimi nafagia kila siku, sijaiona."

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili. "Milioni moja na laki sita kila mwaka," alisema. "Baba watoto, tukiuza kila kilichomo humu, na makochi ya watu juu, hatufikishi. Tutatoa wapi?"

Fundi akachukua misumari minne ya kichwa kidogo, akaitia mdomoni. Mafundi wote wa makochi hushika misumari kwa midomo, mikono iwe huru kuvuta kitambaa. Ila huyu wetu alikuwa amegundua faida ya ziada: mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi maswali.

"Arobaini," mkewe akasema tena, polepole. "Ni ileile uliyowakatalia. Kumbe hata serikali imeikubali."

Fundi akapigilia msumari mahali pasipohitaji msumari.

Sasa ngoja niseme ukweli, maana Fundi hakuwa tayari kuusema. Hakuna mtu aliyewahi kumpa milioni arobaini. Mwaka uliopita, reli ilipokuwa inatandikwa, madalali walikuwa wanabisha hodi mtaani toka asubuhi hadi jioni. Mmoja, mwenye viatu vya ncha kali, alifika wakati Fundi amejigonga nyundo kwenye dole gumba, kidole kinawaka moto. Akauliza, "Mzee, nyumba unauza kiasi gani?" Fundi akafoka, "Milioni arobaini!" kwa namna ileile ambayo wewe ungemwambia mtu aondoke mbele yako. Dalali alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akaenda zake. Basi, ni hilo tu.

Lakini jioni Fundi alipita kwa Kinyozi, nyumba ya tatu kutoka kwake, na pale hadithi ikatiwa chumvi kidogo. Dalali akapata gari. Akapata begi. Akatoa milioni arobaini taslimu, na Fundi akazikataa bila hata kusimamisha nyundo. Wateja wenye povu mashavuni waligeuka kumwangalia. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Mzee Arobaini, na kichwa kikamvimba. Miezi mitatu baadaye vijana wa serikali walipopita na fomu, wakamkuta palepale kwa Kinyozi, watu wamejaa. Swali la sita: umewahi kupewa bei gani? Angefanyaje? Akaandika arobaini na sifuri zake zote, akasaini kwa mkia mrefu.

Hilo nalo lisingekuwa kitu. Kubwa lilikuwa la nyumbani. Siku ile ya dalali, mkewe alisikia habari dukani, akamuuliza wakila chakula cha jioni kama ni kweli. Fundi akauona uso wake. Mamilioni yote hayo kukataliwa bila yeye kuulizwa! Akajiona anazama, akashika kilicho karibu. "Si ulisema hutaki kuhama tena?" alimwambia. "Sasa ningeuza vipi?"

Mkewe alikuwa amesema hivyo kweli, miaka ishirini na moja nyuma, siku walipoingia katika nyumba hii na mtoto mchanga, baada ya kufukuzwa katika vyumba saba vya kupanga. Hakujua kama mumewe alisikia. Aliweka kijiko chini, akatoka. Fundi alidhani amekasirika, kumbe alikuwa nyuma ya mlango analia kwa furaha. Na mwaka mzima uliofuata alimtunza mume huyo utadhani mgeni wa heshima: chai ya kwanza yeye, neno la mwisho yeye, na habari ya paa linalovuja haikutajwa tena. Fundi aliishi ndani ya uongo ule kama mpangaji asiyedaiwa kodi.

Alasiri alikwenda kwa Kinyozi kupima upepo, akajifanya amefuata kunyolewa. Mashine ilikuwa imeshasafisha upande wa kulia wa kichwa wakati mtoto wa Kinyozi alipoingia na barua iliyofika kwao. Kinyozi akaisoma kwa sauti, mashine inanguruma mkononi. Yeye alidaiwa milioni tano na ushee. Akafika aya ya mwisho.

"'Thamani imekadiriwa kwa kurejea bei iliyothibitishwa ya kiwanja namba kumi na saba.'" Akainua macho. "Kumi na saba ni nani?"

Waliokuwepo walimjua kumi na saba. Kumi na saba alikuwa kwenye kiti, na shuka shingoni.

"Mzee Arobaini," Kinyozi akasema, "wewe ulikataa pesa zako, sawa, ni zako. Sasa mbona bili inakuja kwangu?" Akazima mashine.

"Nimalizie basi, jirani."

"Nenda na hizo arobaini zikumalizie."

Fundi alirudi nyumbani na kichwa cha nusu. Bibi alimtazama akiingia, akamtazama tena upande wa pili. "Ala!" alisema. "Na kunyoa nako siku hizi kuna awamu?"

*

Binti yao alifika saa kumi na mbili na dakika ishirini, kama kila siku. Alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka katika hospitali iliyoko upande wa pili wa mji, na kabla ya treni alikuwa hafiki nyumbani kabla ya saa tatu usiku, miguu imevimba, anakula nusu amelala. Sasa alikuwa anafika jua likiwepo bado, anavua viatu, anasimulia vituko vya kazini. Mama yake alisema tangu treni ianze amepata mtoto upya.

Siku hiyo hakusimulia. Aliisoma barua, akaikunja.

"Nimefikiri," mama yake alisema. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na Fundi akajua kuna jambo zito. "Hatuwezi kulipa. Na tusijidanganye kwamba tutakopa, nani atakopesha sponji na gundi? Baba watoto, mtafute yule dalali. Tuuze."

"Tuuze?" Fundi alitema misumari kiganjani.

"Arobaini ni pesa nyingi. Tutalipa chao, tutanunua nyumba kule mbali, tutabaki na chenji. Wewe ulikataa kwa ajili yangu. Mara moja inatosha. Sitaki ubebe mzigo huu peke yako kwa sababu ya neno nililosema zamani, mimi mwenyewe nimechoka na mtoto mgongoni." Alijaribu kutabasamu. "Nitazoea. Nimeshahama mara saba, ya nane itaniua?"

"Mbali ni wapi?" binti aliuliza taratibu.

"Mbali. Kunakopatikana."

"Basi nitarudi saa tatu tena." Aliona uso wa mama yake, akaongeza haraka, "Si kitu, mama. Nilishazoea."

Fundi alitazama mmoja, akatazama mwingine. Wanawake wawili walikuwa wanagawana kuumia mbele yake, kila mmoja akitaka kuchukua fungu kubwa, na yote kwa ajili ya pesa ambazo hazikuwahi kuwepo. Angetamka neno moja pale, wangesikitika na kupona. Badala yake akafumba kiganja juu ya misumari. Akasema kesho atamtafuta dalali, akaingia kulala na kofia kichwani.

Dalali alipatikana, kwa bahati mbaya. Alikuwa anakunywa soda nje ya stesheni. "Arobaini?" alisema, akacheka kicheko kilekile. "Mzee wangu, ule utani bado unao?" Nyumbani Fundi akasema dalali hajaonekana.

*

Kikao cha pingamizi kilifanyika Jumamosi katika ukumbi wa shule, watu wazima wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mbele alikaa afisa wa tathmini, msichana wa umri wa binti yao, mwenye miwani na kikohozi, na kompyuta ndogo mbele yake. Walisubiri jitu, wakaletewa huyu, ikawa vigumu hata kumchukia.

Kinyozi alisimama wa kwanza. Alieleza kwamba nyumba yake ina nyufa, dari limeanguka, na mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba.

"Pole sana, mzee," afisa alisema. "Lakini hatutozi nyumba. Tunatoza ardhi. Paa linaweza kuvuja, ardhi iliyo chini yake haivuji."

"Ardhi hiyo niliikuta hapo hapo."

"Ndiyo. Na ikapanda bei. Hukuipandisha wewe, wala mimi. Treni ndiyo imeipandisha, na treni hiyo bado inadaiwa. Tunaomba fungu moja kati ya matano. Manne ni yenu."

"Manne yako wapi, nikale?" mtu wa nyuma aliuliza, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Afisa naye akacheka, akakohoa.

"Hilo ni swali la haki," alisema. "Nami nakiri makadirio ya mtaa huu yamekuwa juu kuliko mitaa jirani. Lakini tuna ushahidi, mwenye kiwanja kumi na saba alipewa milioni arobaini na ameweka saini. Kama bei hiyo ni ya kweli, pingamizi zote hapa zinakwama. Yupo?"

Fundi alisimama, na dawati likasimama naye mpaka akalishusha. Mkewe alikuwa safu ya pili, mkoba mapajani. Alimtazama kwa macho yaleyale ya mwaka mzima, kwamba hata wakipoteza nyumba, mume anaye.

"Vua kofia!" Bibi alisema kutoka nyuma. "Unaongea na serikali."

Akavua. Walioona nusu ya nywele na nusu ya upara walianza kucheka, wakajizuia, wakashindwa. Fundi akawaacha wamalize. Mdomo wake ulikuwa mtupu, hauna hata msumari mmoja wa kuushikilia.

"Hakuna aliyenipa arobaini," alisema.

"Samahani?"

"Hakuna aliyenipa arobaini. Wala thelathini. Wala tano. Dalali aliuliza bei, na mimi nilikuwa nimejigonga kidole, nikamtajia ili aondoke."

Afisa aliivuta kompyuta karibu. "Naomba uende polepole, mzee, inabidi niandike. 'Nilikuwa nimejigonga...' kidole kipi?"

"Dole gumba."

"'...dole gumba.' Endelea."

"Nikaenda kwa Kinyozi nikasema nimepewa. Nikaongeza na begi."

"Na gari!" Kinyozi akadakia.

"Na gari. Nikapendwa. Basi fomu ilipokuja niliona aibu kurudi nyuma. Mtaa huu mmeadhibiwa kwa mdomo wangu. Naomba mnisamehe."

Vidole vya afisa vilisimama. "Fomu inasema pia ulikataa. Kwa hiyo hukukataa?"

Hapo ndipo Fundi alipomtazama mkewe. "Hakukuwa na cha kukataa," alisema.

Mkewe alifungua zipu ya mkoba, akaifunga. Akaifungua, akaifunga.

*

Makadirio mapya yalitoka baada ya wiki mbili. Kiwanja namba kumi na saba: milioni kumi na tano. Tozo: milioni moja na laki nne, yaani laki tatu na nusu kwa mwaka. Ilikuwa inauma, ila ilikuwa inauma kama kazi, si kama msiba. Binti alisema yeye atatoa ile nauli aliyokuwa akimaliza kwenye mabasi mawili. Kinyozi alikuja mwenyewe na mashine mkononi, akamkalisha Fundi kwenye kochi la daktari na kumalizia upande wa kushoto, bure, huku akimwambia kwamba kusema kweli alimkumbuka, maana wateja hawana hadithi.

Nyumba ilikuwa imepona. Ndoa ndiyo ilikuwa baridi. Mkewe hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema "chai iko mezani" na "zipu imekwisha, nunua nyingine." Aligeuza cherehani ikaelekea ukutani. Mara moja tu, walipokuwa wanavisha foronya, alisema bila kuinua kichwa:

"Mwaka mzima nimekushukuru kwa kitu ambacho hakikuwepo."

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya mkono wa kochi.

"Ungekuja tu ukaniambia umejigonga," mkewe alisema. "Ningekufunga kidole. Ningefurahi hivyohivyo."

Alasiri moja mtu aliingia chumba cha mbele alimofanyia Fundi kazi, suruali imenyooka, mkononi ana kalamu ya bei. Hakuwa dalali. Alikuwa na maduka ya dawa, na alitaka lingine karibu na stesheni. Alitazama kuta, akapima upana wa mlango kwa hatua, akasema bila kuzunguka, "Milioni ishirini na mbili. Jumatatu pesa zinaingia benki. Nusu nakuandikia hundi sasa hivi."

Chumba cha ndani cherehani ilikuwa inakwenda. Ikanyamaza. Fundi hakusikia ikinyamaza. Alikuwa anaitazama ile kalamu. Hakujua kabla kwamba pesa za kweli zinavuta namna ile.

"Hapana," alisema.

"Ishirini na tano. Zaidi ya hapo nitakuwa najiibia mwenyewe."

"Siuzi, ndugu yangu."

"Kuna sababu?"

"Mke wangu hataki kuhama."

"Umemuuliza?"

"Alishasema." Fundi alijikuna kichwa, ambacho sasa kilikuwa na nywele za kimo kimoja pande zote. "Miaka ishirini na moja iliyopita."

Mtu yule alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaweka kalamu mfukoni na kuaga. Fundi akaokota nyundo, akatia misumari minne mdomoni, akarudi kwenye kochi.

Mkewe alitokea mlangoni, uzi shingoni. "Alikuwa nani?"

Fundi alitoa misumari. "Mtu tu. Anaulizia njia ya stesheni."

Wakati huohuo treni ikapita nyuma ya nyumba kwa honi na kishindo, vikombe vikatetemeka kabatini. Walisubiri mpaka imalize.

"Na kelele zote hizo," mkewe alisema, "haioni stesheni iliko?"

"Wengine ni wageni."

Mkewe alimtazama. Midomo yake ilikuwa inacheza, na macho yamejaa. Kisha akainama kwenye lundo la vipande vya kitambaa cha daktari, akachana ukanda mwembamba, akavuta kiti. "Lete kidole."

"Kidole gani?"

"Dole gumba."

"Si kilipona tangu mwaka jana?"

"Nyamaza," alisema, na akaanza kukizungushia kitambaa, raundi ya kwanza, ya pili, kwa uangalifu wote ule anaoshonea kona za mito. Akafunga fundo. Hakuuachia mkono.

"Kochi litakuwa tayari Ijumaa," Bibi alikuwa anamwambia mtu mlangoni.

Jioni Fundi alipita kwa Kinyozi. Viti vilikuwa vimejaa, na kila mtu alikuwa na njaa ya hadithi. Kinyozi akaona kitambaa, akauliza kidole kimefanya nini.

"Nimejigonga," Fundi alisema, wala hakuongeza neno.